Maswali ya Wasomaji: Mgeni Naye Hupewa Jembe

Barua zilizofika mezani mwezi huu zilitoka Rungwe, Mbeya mjini, Iringa, Vwawa na Kyela, na ingawa walioziandika hawafahamiani, karibu zote zinauliza jambo lile lile kwa njia tofauti: Mkristo anayeamini kwamba maisha haya yanapita na kwamba upo uzima wa milele, aishije leo hii, shambani, sokoni, barabarani na kando ya kitanda cha mgonjwa? Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu ndiyo iliyoninyima usingizi. Majina ya waandishi tumeyahifadhi kama walivyoomba.

Swali: Shalom, Mchungaji. Mimi ni mama wa watoto wanne, tunaishi Isongole, wilayani Rungwe. Mwaka jana mimi na mume wangu tulinunua miche sitini ya parachichi iliyobebeshwa, kwa fedha tuliyoipata baada ya kuuza viazi. Kabla hatujaipanda, mume wangu alianza kuhudhuria kikundi cha maombi ambako wanafundishwa kwamba Bwana yuko mlangoni, na kwamba kujishughulisha na mambo ya miaka mitano ijayo ni kukosa imani. Tangu hapo hashiki jembe isipokuwa kwa mboga za kula siku ile. Miche imebaki kwenye viriba chini ya migomba, na zaidi ya ishirini imekauka. Mchango wa chakula shuleni kwa mtoto wetu wa kidato cha pili haujalipwa. Sasa anazungumzia kuuza kiwanja tulichokwisha kukijengea msingi ili fedha ziende kwenye kazi ya injili. Nikimuuliza, ananijibu kwa Waebrania 13:14: "Maana hapa hatuna mji udumuo, bali twautafuta ule ujao." Nami naipenda mbingu, Mchungaji. Je, ni mimi niliyepungukiwa imani?

Jibu: Pole sana, mama, na ahsante kwa kuandika bila kumtukana mwenzako, maana barua za namna hii aghalabu hufika zimejaa hasira. Nianze na mstari anaoutumia baba watoto, kwa sababu ni mstari wa kweli na sina ruhusa ya kuupunguza hata nukta moja. Hapa hatuna mji udumuo. Lakini ninawaomba nyote wawili mfungue sura hiyo ya 13 na kuisoma yote. Mtaona kwamba mwandishi anaanza na upendano wa ndugu, kisha anawaambia watu wasisahau kuwafadhili wageni, kisha anawakumbuka waliofungwa, kisha anasema ndoa na iheshimiwe, kisha anaonya juu ya kupenda fedha, na mistari miwili tu baada ya ule wa mji ujao anaandika: "Lakini msisahau kutenda mema na kushirikiana, maana sadaka kama hizi ndizo zimpendezazo Mungu." Mji ujao umetajwa katikati ya mambo ya nyumbani: mgeni aliyebisha hodi, mfungwa, kitanda cha ndoa, mfuko wa fedha. Mwandishi hakuona mgongano wowote hapo. Sisi ndio tunaouona, baada ya kuung'oa mstari mahali pake kama mtu aliyechomoa nguzo moja ya nyumba, akaibeba hadi porini, akasema amehamia.

Biblia inatuita wageni na wasafiri juu ya nchi, na mumeo amelishika neno hilo. Ila wazee wetu walikuwa na neno lao juu ya mgeni, nalo kila mtoto wa shule analijua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni hakabidhiwi jembe kwa kuwa amegeuka mwenye shamba. Anakabidhiwa kwa kuwa anakula kutoka chungu kile kile. Anajua shamba si lake na kwamba siku moja ataaga aende kwao, lakini halimi hovyo kwa sababu hiyo, na mgeni mwenye adabu hulima kwa uangalifu zaidi kuliko mwenyeji, kwa sababu analima cha mwenzake. Mumeo amekaa duniani zaidi ya siku tatu.

Tatizo lililoingia nyumbani kwako liliwahi kuingia katika kanisa la Thesalonike. Barua ya kwanza ya Paulo kwa kanisa hilo, iliyoandikwa kwenye miaka ya 50 hivi baada ya Kristo, ni miongoni mwa maandiko ya zamani kabisa ya Agano Jipya, na hakuna barua inayozungumza zaidi juu ya kurudi kwa Bwana. Sauti ya malaika mkuu na parapanda ya Mungu vimo humo. Lakini kabla ya kufika kwenye parapanda, katika sura hiyo hiyo ya nne, Paulo anawaambia wajitahidi kutulia, watende shughuli zao, wafanye kazi kwa mikono yao wenyewe. Katika barua ya pili amesikia kwamba wapo wasiofanya kazi yoyote ila kujishughulisha na mambo ya wengine, na anasema waziwazi: "Ikiwa mtu hataki kufanya kazi, basi, asile chakula." Hakuwaambia wapunguze kumngojea Bwana. Aliwaambia wamngojee wakiwa na kazi mkononi, na yeye mwenyewe alikuwa fundi wa kushona mahema.

Hata katika nchi zetu jambo hili si geni. Mwaka 1908 na 1909, ng'ambo ya Ziwa Nyasa, katika nchi inayoitwa Malawi leo, mhubiri Elliot Kamwana alibatiza maelfu ya watu akiwatangazia kwamba Kristo angerudi Oktoba 1914. Siwacheki waliomfuata, walikuwa wamechoshwa na kodi na dharau za wakoloni, na walimtamani Mfalme mwingine kwa haki kabisa. Lakini kilichowafikia watu wa kando ya ziwa Septemba 1914 ni vita ya Waingereza na Wajerumani, waliopigana Karonga, na Oktoba ikaja ikapita kama miezi mingine. Bwana alikuwa amekwisha kusema kwamba habari ya siku ile na saa ile hakuna aijuaye ila Baba peke yake, na katika sura hiyo hiyo ya Mathayo 24 anamtaja mtumwa mwaminifu aliyewekwa juu ya nyumba ili awape watu chakula kwa saa yake. "Heri mtumwa yule, ambaye bwana wake ajapo atamkuta akifanya hivyo." Angalia alikutwa akifanya nini. Alikutwa jikoni akigawa chakula, hakukutwa amesimama dirishani.

Wahubiri wengi wa huku kwetu, hasa sisi wenye asili ya misheni za Kijerumani, hupenda kumtaja Martin Luther kwamba alisema angejua dunia inaisha kesho, leo angepanda mti wa tofaa. Ni maneno mazuri, lakini hayapatikani katika maandiko yake, kwa hiyo sitayatumia. Tena hatuna haja nayo, kwa maana tunaye Yeremia. Katika sura ya 32, majeshi ya Babeli yameuzunguka Yerusalemu, Yeremia mwenyewe amefungwa katika ukumbi wa walinzi, naye ndiye aliyetabiri kwamba mji utaanguka. Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kuacha kupanga mambo ya kesho, ni yeye. Ndipo anapokuja binamu yake Hanameli kumwuzia shamba lililoko Anathothi, na Yeremia analinunua. Anapima fedha katika mizani, shekeli kumi na saba, anaandika hati na kuitia muhuri, anaita mashahidi, kisha anamwambia Baruku azitie hati katika chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi. Alifanya hivyo kwa sababu Mungu alisema kwamba nyumba na mashamba na mizabibu vitanunuliwa tena katika nchi ile. Imani yake ilionekana katika risiti.

Hata hivyo, mama, usiende kwa mumeo ukiwa umeshika maneno haya kama fimbo. Anayo hoja, na kosa limo pia kwetu madhabahuni. Kwa miaka mingi wahubiri wengi wamewahubiria watu gari, nyumba na safari, na mbingu ikabaki kuwa jambo la mazishini tu. Mtu aliyelelewa kwa mahubiri ya namna hiyo, siku anaposikia kwa mara ya kwanza kwamba upo uzima usiokwisha, hulewa kama mtu aliyekunywa na njaa. Kiu yake ni ya kweli. Msimnyang'anye.

Mwombe jioni moja, watoto wakiwa wamelala, msome pamoja barua zote mbili kwa Wathesalonike. Ni sura nane tu, na saa moja inatosha. Usifafanue kitu, acha Paulo aseme. Kisha, kabla mvua hazijakatika, ipitie miche iliyobaki. Ile uliyodhani imekauka, kwaruza ganda lake kwa ukucha juu kidogo ya mahali ilipobebeshwa. Ukiona kijani chini ya ganda, bado u hai. Chipukizi lililotoka chini ya kibebesho usilihesabu, hilo ni la mti wa asili na unaweza kulikata. Mashimo chimbeni wenyewe, wewe na watoto wakubwa, na siku ya kupanda umwombe akushikie mche wima wakati wewe unafukia. Asipokuja, panda. Parachichi iliyobebeshwa huanza kuzaa kwenye mwaka wa tatu hivi, na Bwana akirudi kabla ya hapo hatawauliza kwa nini mliacha mti mzuri ardhini.

Kuhusu kiwanja nitasema kwa ukali kidogo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mwenzi mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na ardhi mliyoichuma pamoja ina ulinzi wa namna hiyo pia, kwa hiyo usitie sahihi mahali popote kwa kuogopa kuitwa mwenye imani haba. Nenda kwa wazee wa kanisa mapema, uende ukiwa na mtu mzima wa ukoo wa mumeo anayeheshimika. Na Paulo yule yule anamwandikia Timotheo kwamba mtu asiyewatunza walio wake, hasa wa nyumbani mwake, ameikana imani. Neno hilo ni zito mno kusemwa na mke kwa mumewe. Liacheni lisemwe na mchungaji wake.

Swali: Bwana Yesu asifiwe. Ni kijana wa miaka 34, ninafanya biashara ya viazi. Ninanunua kwa wakulima wa Umalila na Uporoto na kupeleka Dar es Salaam. Mungu amenibariki: nina fuso moja, ekari kumi za miti ya paina huko Mufindi, na nimeanza kujenga ghala hapa Mbeya. Juzi nilisikia mahubiri juu ya tajiri mpumbavu wa Luka 12 na tangu hapo silali vizuri. Je, kujenga ghala ni dhambi? Nimefikiri kuchangia ujenzi wa kanisa letu kwa kiasi kikubwa ili nijiwekee hazina mbinguni. Biashara yangu ni halali, ninafungasha lumbesa kama wenzangu wote, sijawahi kumwibia mtu.

Jibu: Ghala si dhambi, kijana wangu. Yusufu alijaza maghala ya Misri kwa miaka saba na Biblia inamsifu, kwa sababu njaa ilipofika aliyafungua. Msikilize tajiri wa Luka anavyozungumza: mavuno yangu, ghala zangu, nafaka yangu, vitu vyangu, nafsi yangu. Katika habari nzima hazungumzi na mtu. Hakuna mke, hakuna kibarua aliyevuna, hakuna jirani. Anaishauri nafsi yake, inamjibu yeye mwenyewe, na mtu wa kwanza kumkatiza ni Mungu. Kosa lake lilikuwa kwamba aliihesabia nafsi "miaka mingi" ambayo hakuwa nayo, na kwamba katika hesabu ile hapakuwa na mwingine.

Neno lililonishtua katika barua yako ni lumbesa, ulilolitaja kwa kupita. Wiki chache zilizopita nilisimama njia panda ya Isyonje nikingoja gari, nikaona gunia likipakiwa. Lilikuwa limejaa mpaka mdomoni, kisha likaongezewa juu wavu wa kamba, na viazi vikapangwa ndani yake hadi vikasimama kama kilemba. Vijana wawili walilisukuma, wa tatu akalipokea juu ya gari akiguna. Mama mwenye viazi alilipwa bei ya gunia moja. Alizihesabu noti mara mbili, akakitazama kile kilemba, akafunga fedha kwenye pindo la kanga na kuondoka bila kusema neno. Kile kilemba kilikuwa cha nani?

Unajua, kama ninavyojua, kwamba utaratibu wa vipimo katika nchi yetu hauruhusu gunia kuzidi kilo 100, na kwamba wote tunafumba macho. Mithali 11:1 haifumbi: "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA." Unatafuta hazina mbinguni kwa kujenga kanisa, na pengine sehemu ya matofali hayo yatatoka katika vilemba vya wale akina mama, ambao baadhi yao wataketi ndani ya kanisa hilo na kuombewa wafanikiwe. Afadhali uanze na mizani. Nunua moja, uende nayo shambani, upime viazi mbele ya mkulima, ulipe kwa kilo.

Sitakudanganya kwamba ukifanya hivyo Mungu atakurudishia maradufu msimu ujao. Huenda msimu wa kwanza ukapata hasara, kwa kuwa wenzako wataendelea kununua kwa kilemba na kuuza kwa bei ya chini. Zungumza nao, wapo ambao nao hawalali. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne alichokitwaa kwa hila, na Bwana akasema, "Leo wokovu umefika nyumbani humu." Hakusema siku ya mwisho. Alisema leo, katika nyumba ya mtoza ushuru, wakati hesabu za fedha zikiwa zinatajwa.

Kuna jambo moja dogo zaidi. Mfano ule wa tajiri ulianza kwa sababu mtu mmoja katika mkutano alimwambia Yesu amwambie ndugu yake agawane naye urithi. Wewe una gari, miti itakayokomaa baada ya miaka mingi, na ghala. Je, una wosia? Vijana hudhani wosia ni wa wazee, na wazee hudhani ukiuandika unaiita mauti. Uandike, uweke tarehe na sahihi mbele ya mashahidi, na ukitaka uuhifadhi kwa usalama, ofisi za RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, hupokea na kutunza wosia. Nimezika watu wa maombi sana ambao walitaja mbingu kila siku, na kabla udongo haujakauka ndugu zao walikuwa wanagombania ufunguo wa nyumba huku mjane akiwa ndani. Baadaye ndugu hao hao walichangishana fedha wakaliwekea kaburi vigae, ilhali paa la mjane linavuja.

Swali: Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni dereva wa lori, mkazi wa Iringa, ninakwenda Dar es Salaam na Tunduma kwa mwaka wa kumi na moja sasa. Mwaka jana nilishuhudia ajali mbaya mteremko wa Kitonga. Tangu hapo kila ninapofika pale mikono inatoka jasho, na ninafikiri juu ya kufa. Mwenzangu ananiambia Mkristo anayeogopa kifo hana imani. Ni kweli?

Jibu: Milele na milele, amina. Umenisalimu kwa salamu ya Wakatoliki, nami nimeiitikia ingawa si Mkatoliki, kwa sababu ni salamu ninayowaonea wivu: mtu anabisha hodi kuulizia chumvi, na kabla hajaipata, milele imekwisha kutajwa mlangoni.

Mwenzako amekosea. Bwana mwenyewe, usiku ule Gethsemane, alisema, "Roho yangu ina huzuni nyingi kiasi cha kufa," na aliomba kikombe kimwepuke. Kuogopa kifo si kumkana Mungu. Ni mwili kusema kweli kwamba uliumbwa uishi. Tena hofu ya Kitonga ni hofu yenye akili, na ningependa madereva wengi zaidi wawe nayo. Itii. Kagua breki na upepo kabla ya kuanza kushuka, ingia na gia ndogo tangu juu, usilipite gari lililo mbele kwa sababu tajiri anakupigia simu kuuliza umefika wapi. Shetani alimwambia Yesu ajitupe chini kutoka kinara cha hekalu kwa kuwa malaika watamdaka, naye akajibu, "Usimjaribu Bwana Mungu wako." Dereva anayeshuka mteremko kwa kutegemea rozari iliyoning'inia kwenye kioo, huku akijua breki zake zimechoka, anajitupa kutoka kinara kile kile.

Katika rozari hiyo, kila shanga ya Salamu Maria unaomba "sasa na saa ya kufa kwetu." Nyakati mbili tu. Wewe hofu inakupeleka kwenye ile ya pili hata unaisahau ya kwanza. Ukifika juu ya Kitonga, kabla ya kushuka, simama penye nafasi, ushuke, ukague matairi, na umpigie mama watoto, umwambie lile ambalo ungetaka awe amelisikia. Kama kuna mtu mliyekosana, mpigie naye. Kama kuna deni, dawa ya deni ni kulipa. Ungamo lako liwe la karibuni. Ukipanda garini baada ya hayo, jasho la mikono huenda likabaki, na hilo lifutie kitambaa.

Swali: Mchungaji, mimi ni bibi, ninaishi Vwawa, ni Mmoravian. Mume wangu alitangulia mwaka juzi. Nauliza tu, mbinguni tutajuana?

Jibu: Bibi, shikamoo. Mariamu Magdalene alimdhani Bwana mfufuka kuwa mtunza bustani mpaka alipoitwa kwa jina lake, ndipo akamjua. Yeye aliyemwita Mariamu kwa jina hajayasahau majina ya wengine. Zaidi ya hapo Biblia inasema kidogo, nami sitaongeza. Lakini ninyi Wamoravian mmekuwa mkikusanyika makaburini alfajiri ya Pasaka tangu wazee wenu wa Herrnhut, kule Ujerumani, walipofanya hivyo mara ya kwanza mwaka 1732, na desturi hiyo inasema zaidi ya maelezo yangu. Pasaka ijayo mwende na wajukuu, uwaonyeshe alipolala babu yao, uwasimulie alivyokuwa anacheka.

Swali: Mpendwa Mchungaji, ni binti wa miaka 29. Mama yangu alipata kiharusi mwaka uliopita, nikaacha kazi Makambako na kurudi Kyela kumwuguza. Ndugu zangu wanatuma fedha, ila mimi ndiye ninayemwogesha, kumlisha na kumgeuza. Zamani nilikuwa mwimbaji wa kwaya na kiongozi wa vijana. Sasa huu ni mwezi wa saba sijaingia ibadani. Rafiki zangu wa maombi wanasema ninaupoteza wakati wangu wa kumtumikia Mungu, na wengine wanasema nimepoa kiroho. Ninahisi kama maisha yangu ya milele yananipita nikiwa ninafua mashuka.

Jibu: Binti yangu, nimeisoma barua yako mara tatu. Yohana anasimulia kwamba Yesu akiwa msalabani, akiwa amebeba wokovu wa ulimwengu, alimwona mama yake amesimama karibu na mwanafunzi aliyempenda, akasema, "Mama, tazama, mwanao," na kwa mwanafunzi, "Tazama, mama yako." Na tangu saa ile mwanafunzi yule akamchukua nyumbani kwake. Katika saa ambayo milele yote ilikuwa inaamuliwa, Bwana alipata nafasi ya kupanga mama yake atalala wapi. Rafiki zako wa maombi wangekuwa pale, sijui wangemwambia anapoteza wakati gani. Yesu aliwahi pia kuwakemea watu waliosema "Korbani," yaani mali hii imetolewa kwa Mungu, ili wasimsaidie baba wala mama; wasome Marko 7.

Na katika Mathayo 25, wale waliomtunza Bwana katika mgonjwa walishangaa kuambiwa hivyo. Waliuliza ni lini. Hawakuwa wamejua kwamba shuka walilolifua lilikuwa lake. Kwa hiyo usijihukumu kwa sababu huhisi kitu cha kiroho unapopiga pasi au unapomnyanyua mama saa tisa ya usiku huku mgongo unauma.

Lakini wewe si malaika, na fedha za ndugu hazitoshi. Mgonjwa wa kiharusi asiyeweza kujigeuza anahitaji kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi ili asipate vidonda vya kulalia, na mtu mmoja hawezi kufanya hivyo usiku na mchana kwa miezi bila kuanguka. Waandikie ndugu zako waziwazi, wala usiwaombe kama fadhila: kila mmoja aje juma moja kwa zamu, au wote kwa pamoja wamlipe mama mmoja wa jirani akusaidie usiku. Wakisema wana kazi, wakumbushe kwamba nawe ulikuwa na kazi.

Kisha mtume mtu kwa mzee wa kanisa wa mtaa wenu, umwambie mnaomba Meza ya Bwana iletwe nyumbani, kwako na kwa mama. Wachungaji wengi huendea wagonjwa wakiitwa, na mara nyingi hawaji kwa sababu tu hakuna aliyewaita. Waambie wanakwaya wenzako wafuatane naye, wasije mikono mitupu, na waje na sabuni. Mama akiweza kusikia, waimbe ule wimbo ambao alikuwa anauimba yeye alipokuwa anapalilia mpunga. Wewe ndiye unayeujua.